Kabla hujapanda msonobari Kigamboni

Kila mara naulizwa wapi unapatikana mche wa msonobari wenye mbegu za kuliwa. Mti huo upo, na Waitalia na Wahispania wanazila sana mbegu zake, ila kwao ni pwani ya Mediterania, na koni yake hukaa miaka mitatu ndipo ikomae. Misonobari ya Sao Hill kule Mufindi ni ya mbao. Mbegu zake ni vipunje vyenye ubawa, hata kuku hashibi. Kwa joto na mchanga wa Kigamboni au Chanika, huku Dar es Salaam, panda mkorosho.

Nafasi ni mita 12 kwa 12, kama miti 28 kwa ekari. Najua inauma kwa mwenye kieneo kidogo, lakini matawi yakishikana, ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, hushamiri na maua yanakauka kabla hayajafunga. Miaka ya mwanzo, katikati ya mistari weka kunde, karanga au njugu mawe, mbali kidogo na shina. Viazi vitamu na mpera viache nje ya shamba hilo. Vinamlisha mbu wa mikorosho, yule anayefyonza machipukizi mpaka yanaonekana kama yamebabuliwa na moto.

Lakini mwenza bora wa mkorosho hapandwi: ni majimoto, wale sisimizi wakali wa mtini. Watu wakiwaona mtini wanakimbilia dawa, kumbe wanamuua mlinzi, maana majimoto humwinda huyo mbu. Wanauma, sawa, ila korosho huokotwa chini bibo, lile tunda lake, likishaanguka, hupandi mtini kuchuma. Mti usio nao, kata kiota cha mti mwingine alfajiri kungali baridi, kitie kwenye mfuko, ukakining'inize hapo. Viota vya miti inayokaribiana vitoke kundi moja. Makundi mawili yakikutana yanapigana na wewe ndiye unayepata hasara. Kamba ikifungwa kutoka mti hadi mti huwa daraja lao.

Palilia chini ya miti kabla ya msimu, la sivyo nusu ya korosho zitabaki majanini. Okota kila siku, nyonga korosho itoke kwenye bibo, anika juani mpaka ukiitikisa icheze ndani ya ganda. Usiipasue kwa meno: mafuta ya ganda hubabua midomo, na moshi wake ukikaanga huwasha macho, kwa hiyo kaanga nje, upepo ukiwa mgongoni. Bibo likamue siku hiyohiyo. Kesho yake ni la nzi.