Unaagiza leminati ya sakafu kuja Zanzibar? Tazama ubavu wa ubao kwanza, namba ya HS baadae

Watu wengi wanaoleta mbao za sakafu hapa Unguja, za nyumba ya Fumba au za hoteli ya Paje, wanafanya hivi hivi: wanachukua namba ya HS, yaani namba ya kimataifa ya kupanga bidhaa forodhani, aloandika muuzaji kwenye invoisi, wanampa wakala wa forodha, wakala anaitia kwenye mfumo, imekwisha. Sasa yule muuzaji wa China au Uturuki kaandika namba ya kumrahisishia yeye kutoa mzigo kwao, na mara nyengine ni namba ya zamani kabisa, mfano ukiona 4418.72 ujue hiyo ilikufa tokea mwaka 2017 ilipobadilishwa orodha, na sisi Afrika Mashariki tunatumia toleo la 2022 tokea Julai 2022. Anaejibu mbele ya forodha ni wewe mwenye mzigo, si yeye.

Jina la bidhaa halikusaidii kitu. Invoisi ikisema "laminated wood flooring" inaweza kuwa bidhaa tatu au nne tafauti kabisa, kila moja na namba yake. Kinachoamua ni ndani ya ubao mna nini, kwa hiyo kabla hujalipa hata advansi muombe muuzaji sampuli, hata kipande cha shubiri moja, ukikate kwa msumeno kisha utazame pale palipokatwa.

Ukiona katikati ni rangi ya kahawia moja tu, ungaunga ulioshindiliwa, hamna mshipa wa mbao wala tabaka, na juu kuna ngozi nyembamba inayong'ara yenye picha ya mbao, hiyo ndo leminati wanayoijua watu madukani. Ile picha ni karatasi. Hata ikiwa imechapishwa vibao vitatu vitatu kwa upana ukadhani ni pakee, yaani sakafu ya vibao vya mbao vilivyopangwa, ni karatasi tu yakhe. Ndani ni HDF, yaani nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa joto na gundi, na makazi yake ni kichwa 4411 (kichwa ni zile tarakimu 4 za mwanzo za namba). Hapo unapima unene kwa kalipa: usiozidi milimita 5 ni 4411.12, unaozidi 5 mpaka 9 ni 4411.13, unaozidi 9 ni 4411.14. Kwa hiyo zile za milimita 8 zinazouzwa sana ni 4411.13 na zile nene za 12 ni 4411.14. Mwengine atakwambia mbona hizi namba zinasema MDF na yangu ni HDF, jawabu ni kuwa kwenye tarifa, yaani orodha ya namba na ushuru wake, MDF ni ubao wowote wa nyuzi uliotengenezwa kwa njia kavu, na HDF ya sakafu kwa kawaida ni njia kavu. Ukitengenezwa kwa njia ya maji ndo unahamia 4411.92 kuendelea na huko wanaangalia uzito kwa ujazo, si unene. Kwa hiyo kwenye datashiti yaandikwe yote mawili, njia ya utengenezaji na densiti.

Ikiwa leminati yako ina fomu, ile kama sponji nyembamba, imegandishwa kwa chini, mwambie muuzaji aandike unene wa ubao peke yake na wa fomu peke yake. Ile "10 mm" ya kwenye katoni isiyosema imehesabu nini italeta maneno wakati wa ukaguzi.

Hapa kuna mtego ambao hata mawakala wazoefu wanaingia. Leminati ina ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili ili zikamatane, na kichwa 4409 kinazungumzia mbao zilizochongwa ulimi na mfereji, basi mtu anaona kama imeandikwa kwa ajili yake. Hapana. Soma maelezo ya Sura ya 44 ya tarifa, ile ya mbao, namba 4: bidhaa za 4410, 4411 na 4412 zinaweza kuchongwa maumbo yale yale ya 4409 na bado zikabaki kwao, almuradi hazijageuka kuwa bidhaa ya kichwa chengine. 4409 ni ya mbao yenyewe, kipande kimoja kizima, mshipa unaouona juu unaufuata mpaka chini. Mbao laini kama paini ni 4409.10, mianzi 4409.21, mbao za nchi za joto kama mtiki ni 4409.22, zilobaki 4409.29. Na kanuni ya kwanza katika zile 6 za kutafsiri tarifa inasema hivyo hivyo, unaanza na maneno ya kichwa pamoja na maelezo ya sehemu na sura, vichwa vidogo baadae. Watu wanaruka maelezo mana yameandikwa kwa lugha kavu, lakini mizozo mingi inamalizikia pale.

Sasa ukikata ukakuta matabaka yamepandana kama chapati ya kusukuma, moja mshipa wake huku jengine kule, na juu kuna mbao ya kweli, hiyo si leminati ya karatasi, hiyo ni ile wanaita injiniadi. Hapa ndo pagumu. Inaweza kuwa 4412 pamoja na plaiwudi, inaweza kuwa 4418 pamoja na milango na madirisha. Tazama uso wake vizuri. Ikiwa juu ni vinia moja nyembamba, yaani ngozi ya mbao ya kweli, iliyobandikwa kwenye plaiwudi, hata kama imepangwa ifanane na pakee, ni 4412. Ikiwa uso umeundwa kwa vibao vyenyewe vilivyopangwa ubavu kwa ubavu juu ya msingi wa tabaka, paneli imeshaunganishwa inasubiri kulazwa, ni 4418.75. Pakee ya vipande vidogo vidogo ya mosaiki ni 4418.74, na yenye uso wa mianzi 4418.73. Mimi kwa maoni yangu mzigo wa injiniadi usiuagize bila ya picha ya ubavu iliyopigwa karibu na mchoro wa matabaka kutoka kiwandani, kila tabaka na unene wake na aina ya mti wake, kwa sababu hata ndani ya 4412 namba ndogo zinategemea mti wa tabaka la nje.

Halafu kuna zile ambazo mbao hazina hata chembe. Ukikata ni kijivu, nzito, huoni uzi wowote, basi hiyo ni SPC au vinili, plastiki na unga wa chokaa, nenda 3918.10. Kwa hali ya hewa yetu ya pwani wengi siku hizi wanazipenda, leminati ikinyweshewa maji inavimba kwenye maungio, lakini usiiandike mbao ati kwa sababu picha yake ni ya mbao.

Kontena haliji na ubao peke yake. Rola za fomu ya kutandika chini, zikiwa za polithini, ni 3921.19. Skatingi (vibao vya kuzungushia chini ya ukuta) za MDF zinabaki 4411, za mbao nzima zinakwenda 4409. Kila kitu kiwe na mstari wake kwenye invoisi na kwenye pakingi listi, idadi, mita za mraba, kilo na bei yake. Wanaoandika "flooring and accessories" mstari mmoja ndo wale kontena lao linafunguliwa Malindi au Mkoani na kushushwa katoni moja moja huku siku zinahesabiwa.

Ukishapata tarakimu 6, ambazo ni sawa dunia nzima, fungua tarifa ya pamoja ya Afrika Mashariki uchukue tarakimu 8 na kiwango chake. Viwango vya kawaida ni 0, 10, 25 na 35 kwa mia, ila kila mwaka mwisho wa Juni linatoka Gazeti la Jumuiya na nchi inaweza kuombewa kiwango tafauti kwa mwaka mmoja, kwa hiyo usitumie karatasi ya mwaka jana. Ushuru unapigwa juu ya CIF, yaani bei ya mzigo na bima na nauli mpaka bandarini, kisha VAT inapigwa juu ya CIF pamoja na ushuru. Tuseme CIF ni dola 10,000. Kwa kiwango cha 25 ushuru ni 2,500 na VAT ya Zanzibar ya asilimia 15 ni 1,875. Kwa kiwango cha 10 ushuru 1,000 na VAT 1,650. Tafauti ni dola 1,725 na tozo nyengine bado hatujazitia. Ndo mana kuna wanaoichagua namba kwa kutazama kiwango. Usifanye, makaratasi yanatakiwa yawekwe miaka 5 na wakaguzi wa TRA, mamlaka ya mapato, wana haki ya kuja kuyapekua mzigo ushauzwa zamani na nyumba watu wanakaa.

Kama bado una shaka, omba maamuzi ya awali kwa maandishi TRA Idara ya Forodha kabla mzigo haujapanda meli, ukiambatanisha sampuli, datashiti na ile picha ya ubavu. Lugha ya barua iwe ya vitu, si ya biashara: "paneli ya HDF, njia kavu, milimita 8, juu karatasi ya melamini, ulimi na mfereji pande nne". Na ikiwa mzigo ushafika na afisa kakupangia kichwa chengine, usibishane kaunta, sheria ya forodha ya Jumuiya inakupa siku 30 tokea siku ya uamuzi kumuandikia Kamishna apitie upya. Taja kichwa unachokidai, taja maelezo ya sura yanayokubeba, na kile kipande ulichokata weka kwenye bahasha pamoja na barua.