Jinsi ya Kusoma Picha za Magazeti ya Uingereza za Miaka ya 1940 na 1950

Picha za habari zilizopigwa Uingereza katikati ya karne ya 20 zimejaa vituko na mambo madogo ya kila siku: sokwe wakinywa chai mezani katika bustani ya wanyama ya London, watoto wakisongamana dukani kununua peremende, muuza maziwa akikanyaga kifusi huku akiwa amebeba chupa zake. Anayetaka kuzitumia kama ushahidi wa namna watu walivyoishi hana budi kuzisoma kwa utaratibu, kwa sababu nyingi kati yake zilipangwa na mpigapicha kabla kamera haijafyatuliwa.

Ukiwa na kopi yenyewe, yaani picha iliyosafishwa kwenye karatasi, mkononi, igeuze kwanza. Mawakala wa picha kama Fox Photos, Keystone na Topical Press waliuza picha moja kwa magazeti mengi, na kwa hiyo walibandika nyuma yake kipande cha karatasi chenye maelezo yaliyopigwa taipu: ni nani, wapi, lini, na mara nyingi mzaha mfupi ambao mhariri angeweza kuuchapa ulivyo. Kando ya karatasi hiyo kuna mihuri. Muhuri wa wakala hukueleza picha ilitoka wapi. Muhuri wa tarehe huenda ukawa wa siku ya kuchapishwa au ya kupokewa katika maktaba ya gazeti, si siku ya kupigwa, na kopi iliyotumika mara kadhaa huwa na tarehe kadhaa. Zilizopigwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia huenda zikawa na muhuri wa wachunguzi wa Wizara ya Habari, unaoonyesha kwamba picha iliruhusiwa kuchapwa. Yasome maelezo hayo kama maneno ya muuzaji anayeisifia bidhaa yake: jina la mahali na tarehe kwa kawaida vina uzito, lakini sababu ya mtu kutabasamu ichukuliwe kwa tahadhari.

Kisha rudi mbele, utafute alama za meza ya mhariri. Mistari ya penseli ya nta huonyesha sehemu iliyokusudiwa kukatwa, na rangi ya maji, nyeupe au ya kijivu, ilipakwa ili kuufanya uso uonekane vizuri au kufuta kitu kilichokuwa nyuma ya mtu. Usidharau mikato hiyo. Picha ya Herbert Mason ya kuba la kanisa kuu la St Paul's likiwa katikati ya moshi, aliyoipiga usiku wa tarehe 29 Desemba 1940, ilitokea katika gazeti la Daily Mail siku mbili baadaye ikiwa imekatwa kiasi kwamba kuba ndilo lililotawala macho. Mwezi uliofuata gazeti moja la Berlin liliichapa picha hiyo hiyo kuwaonyesha wasomaji wake kwamba London inateketea. Kwa hiyo, kila inapowezekana, linganisha ukurasa wa gazeti na kopi kamili kabla ya kusema picha inahusu nini.

Hatua inayohitaji subira kuliko zote ni kutenganisha kilichopangwa na ambacho hakikupangwa. Chukua ile picha ya muuza maziwa, iliyopigwa na Fred Morley wa Fox Photos tarehe 9 Oktoba 1940. Katikati yupo mwanamume aliyevaa koti jeupe, amebeba kreti ya chupa, anatembea juu ya matofali kana kwamba ni asubuhi kama nyingine. Inaelezwa kwamba hakuwa muuza maziwa hata kidogo, bali msaidizi wa mpigapicha aliyevishwa koti la kuazima, kwa kuwa wachunguzi hawakupenda picha za uharibifu mtupu, na picha ya mtu aliyetulia ilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupita. Hata hivyo, usiitupe. Tazama nyuma yake: wazima moto wanaendelea kunyunyizia maji majengo yaliyobomoka, na hao hawakuletwa pale na mpigapicha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye thamani ya picha za aina hii, kwamba katikati pana kile gazeti lilichotaka kuuza na pembeni pana mtaa wenyewe.

Kwa sababu hiyo, shika kioo cha kukuzia na uanzie kwenye kingo. Vioo vya madirisha vilivyobandikwa vipande vya karatasi, ukingo wa barabara uliopakwa rangi nyeupe ili watu wauone gizani, na kisanduku cha barakoa ya gesi begani, vyote vinakuelekeza kwenye miaka ya vita. Tramu katika mtaa wa London inamaanisha picha haikupigwa baada ya mwanzoni mwa Julai 1952, tramu za mwisho zilipoondolewa. Kivuko cha waenda kwa miguu chenye milia mipana kinaashiria mwaka 1951 au baadaye, na mita za maegesho hazikuwapo London kabla ya 1958. Foleni nje ya bucha si ushahidi wa vita peke yake, kwa kuwa mgawo wa nyama uliendelea hadi Julai 1954. Nayo furaha ya watoto katika duka la peremende ina maana zaidi ukijua kwamba mgawo wa peremende ulikoma Februari 1953.

Chunguza pia chombo kilichotumika. Wapigapicha wengi wa magazeti ya kila siku walibeba kamera nzito za sahani za kioo na flashi ya balbu, ambayo ilibidi ibadilishwe kila baada ya picha moja. Wenye kazi ya namna hiyo walilazimika kumwomba mtu asimame, ageuke, arudie. Jarida la Picture Post, lililoanza Oktoba 1938 na kufungwa 1957, liliwatumia watu kama Kurt Hutton na Bert Hardy wenye kamera ndogo za Leica, na ndiyo maana picha zake za baa na vichochoro zina watu wasioitazama kamera. Lakini kamera ndogo haithibitishi kwamba tukio halikupangwa. Mwaka 1951 Hardy aliwaketisha wasichana wawili kwenye vyuma vya ufukweni Blackpool, akawapiga kwa kamera rahisi ya Box Brownie ili kuonyesha kwamba picha nzuri haihitaji kifaa cha bei kubwa. Upepo ulioinua gauni ndio peke yake ambao haukupokea maagizo.

Mwisho, andika kumbukumbu yako katika sehemu mbili: kwanza yale yaliyoandikwa nyuma ya picha, neno kwa neno pamoja na makosa yake, halafu yale uliyoyaona wewe mwenyewe. Usibandue karatasi ya maelezo hata kama imeanza kukunjamana, na usiandike kwa kalamu ya wino juu ya kopi. Maandishi yako yakae kwenye bahasha, kwa penseli laini, yakiwa yameandikwa kabla picha haijaingizwa ndani.