Kukarabati barabara ya lami inayopita kwenye mbuga

Anayetoka Mwanza kwenda Musoma kupitia Magu hupita juu ya luseni, yaani udongo wenye mchanga ulio karibu na vilima vya mawe, kisha hushuka bondeni kwenye mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Usanifu mmoja hautoshi udongo huo wa aina mbili, kwa hiyo ukarabati uanze kwa kuutambua udongo kabla ya kuagiza lami.

Kagua barabara yote kwa miguu, ikiwezekana masika yanapoishia. Nyufa zilizosukana kama wavu wa kuvulia kwenye mapito ya magurudumu huonyesha tabaka zilizochoshwa na mizigo, ilhali ufa mmoja mrefu unaofuata ukingo wa lami huonyesha mbuga iliyosinyaa chini ya bega la barabara. Kumwaga lami mpya juu ya ufa huu wa pili ni kupoteza fedha za umma, kwani kiangazi kitaufungua tena.

Chimba mashimo ya uchunguzi hadi udongo wa asili, na kati yake pima uimara kwa DCP, yaani nondo yenye ncha ya koni inayopigiliwa kwa nyundo ya kilo 8 inayoanguka milimita 575. Sampuli zipimwe CBR, yaani uwezo wa udongo kubeba mzigo, baada ya kulowekwa siku 4, kwa sababu mbuga kavu humdanganya mpimaji kwa ugumu wake.

Mizigo nayo ipimwe kwa ekseli, si kwa idadi ya magari tu. Uharibifu huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito, hivyo ekseli ya tani 12 huumiza barabara mara mbili ya ile ya tani 10.

Penye mbuga, iondoe, au kama ni nene mno ifunike kwa kifusi kisichovimba, ukishindilia tabaka kwa tabaka wakati mbuga yenyewe bado ina unyevu. Panua mabega na kuyafunika kwa lami, weka mitaro mbali na kitako cha tuta, wala usipande miti karibu, maana mizizi hunyonya maji na kuuacha udongo upasuke. Kazi hii ya kuutuliza unyevu ndiyo inayorefusha maisha ya barabara hapa kuliko unene wa lami, ingawa wasimamizi wengi huipa nafasi ya mwisho kwenye bajeti.

Kwa vipande vilivyo ufukweni, kumbuka kwamba mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita kiasi kilichozoeleka. Chora kina hicho kwenye michoro yako kabla ya kuamua kimo cha tuta na ukubwa wa makalavati.