Ukungu Unaofunika Matawi ya Michungwa: Kwangua Kwanza, Dawa Baadaye

Katika mashamba ya Muheza mkoani Tanga, hasa yale yaliyo karibu na milima ya Usambara Mashariki ambako unyevunyevu haukauki upesi baada ya masika, si ajabu kukuta tawi la mchungwa limevikwa utando wa kahawia au kijivu, mnene na laini kama blanketi kuukuu. Huo ni ukungu wa jamii ya Septobasidium. Mkulima anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani kwamba tawi limeanza kuoza, akaenda dukani kununua dawa ya kopa, yaani dawa ya ukungu yenye madini ya shaba. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure, kwa kuwa chakula kikuu cha ukungu huu si mti bali ni wadudu walio chini yake.

Ili kujihakikishia, chukua kisu butu na ukwangue sehemu ya utando yenye ukubwa wa kiganja. Chini yake utaona wadudu gamba, yaani vidoa vidogo vilivyogandamana na gome, ambavyo ukivibandua kwa ukucha huacha alama. Wadudu hao hufyonza utomvu wa mti, nao ukungu huwaingia baadhi yao na kujilisha kutoka miilini mwao bila kuwaua mara moja. Wasioingiwa hupata paa linalowakinga dhidi ya jua, mvua na nyigu wadogo ambao kwa kawaida huwashambulia. Watoto wao, ambao wangali wana miguu ya kutambalia, hutoka wakiwa wamebeba mbegu za ukungu na kuzipeleka kwenye matawi mengine. Kwa hiyo anayeushughulikia ukungu peke yake ameacha chanzo cha tatizo pale pale.

Kwa kawaida mti mkubwa hauuawi na hali hii, ingawa vitawi vyembamba vilivyozungukwa na utando pande zote vinaweza kunyauka. Vikate vitawi hivyo wakati wa kiangazi, kisha upunguze matawi ya katikati yanayosongamana ili mwanga na hewa vipite. Matawi manene hayana haja ya kukatwa: yasugue kwa gunia au brashi ngumu bila kuchubua gome, halafu unyunyizie mafuta maalumu ya kuulia wadudu gamba. Kiasi cha kawaida ni asilimia 1 hadi 2, yaani mililita 160 hadi 320 kwa pampu ya lita 16, lakini maelekezo ya lebo ndiyo ya kufuatwa. Bila kusugua kwanza, mafuta hayawafikii wadudu. Usinyunyizie juani wala kwenye mti wenye kiu, na wenye mikorosho wanaoipulizia salfa wakumbuke kwamba mafuta hayo yakikutana na salfa huunguza majani. Pampu ioshwe vizuri, na mchungwa uliopata salfa usubiri mwezi mmoja kabla ya kunyunyiziwa mafuta.

Dawa kali za kuua kila mdudu hazifai hapa, maana huanza kwa kuwamaliza nyigu na dudu kobe wanaowala wadudu gamba.

Ugonjwa unaohitaji haraka ni ule wa ukungu wa rangi ya waridi, ambao hupenda msimu wa mvua nyingi na huanzia kwenye panda za matawi. Mwanzoni huonekana kama nyuzi nyeupe zinazong'aa, baadaye gome hufunikwa na ganda la rangi ya waridi, hupasuka na kutoa gundi, na majani yaliyo mbele ya hapo hukauka yakiwa bado tawini. Ukilikwaruza gome chini ya ganda hilo hukuti kijani wala wadudu. Utakuta kahawia iliyokufa. Tawi la namna hiyo likatwe sentimita 30 hivi ndani ya sehemu iliyo nzima na kuchomwa moto siku hiyo hiyo, na kidonda kipakwe dawa ya kopa iliyokorogwa iwe nzito. Hapa ndipo kopa ina kazi yake.