Toyota IST imepita kilomita laki mbili na bado haijanoki, haya ndo nayofanya

Gari yangu ni IST ya 2003, injini 1NZ, namba C, na sasa hivi dashibodi inasoma 238,000 na ushee. Hiyo namba naiamini kuanzia siku niliyoichukua mimi, ya nyuma hapo Mungu ndo anajua, maana gari ikitoka Japani mpaka ikufikie mkononi imepita kwa watu kibao ambao wote wangependa ionekane haijatembea. Kwa hiyo ukinunua gari ya hivi we sahau kabisa zile kilomita, chukulia hakuna kitu kimewahi kubadilishwa, mwaga oili, mwaga maji ya rejeta, weka filta mpya zote, halafu chukua daftari dogo andika tarehe na kilomita. Langu linakaa kwenye kidroo cha mbele na kalamu yake, fundi akiniuliza "hii mara ya mwisho lini?" sianzi kukuna kichwa.

Sasa oili. Asubuhi kabla hujawasha, gari iwe imesimama sehemu tambarare, chomoa kile kijiti, kifute na kitambaa, kirudishe mpaka mwisho, chomoa tena ndo usome. Ukisoma mara ya kwanza bila kufuta kinakudanganya. Mi nafanya kila jumamosi kabla sijaenda sokoni, dakika mbili tu, na nikiwa na safari ya mkoani nafanya usiku wake pia gari ikishapoa.

Wengi wanasubiri taa, na hapo ndo pa kuulia injini. Ile taa nyekundu ya oili haipimi oili imebaki kiasi gani, inapima presha. Oili inaweza kushuka chini ya alama ya mwisho kabisa na taa ikakaa kimya, siku ikiwaka mara nyingi pampu imeshaanza kunyonya hewa na huko juu hakuna kinachofika. Ikiwaka unazima hapohapo pembeni ya barabara, sio "ngoja nifike pale sheli", hizo mita mia tano ndo zinanokisha injini.

Na gari iliyotembea kula oili ni kawaida wala usione aibu, ringi za pistoni zinaganda na masizi, sili za valvu zinakauka kama plastiki. Cha muhimu ujue inakula kiasi gani. Jaza mpaka alama ya juu, andika kilomita, ukitembea 1,000 pima tena, kwa hizi gari ndogo kutoka alama ya juu mpaka ya chini ni kama lita moja hivi. Ikila robo lita we ongezea tu maisha yaendelee. Ikifika lita nzima kwa kilomita 1,000 hapo sasa tafuta sababu, na moshi utakusaidia: ukiwasha asubuhi ukatoka wa bluu halafu ukapotea, mara nyingi ni sili za valvu, ukitoka wa bluu pale unapokanyaga mafuta kupanda mlima, waza ringi. Mweusi ni petroli inaungua vibaya, sio habari ya oili. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto, huo ni maji yanaingia kwenye silinda, hiyo kesi nyingine kabisa.

Kabla hujakubali kushusha injini lakini, angalia kitu kidogo kinaitwa PCV. Ni valvu ndogo tu inayopitisha mvuke wa oili urudi kuungua, ikiziba presha inapanda ndani na oili inatafuta pa kutokea, kwenye sili, kwenye gasketi, popote. Ichomoe uitikise sikioni, nzima inalia tiki tiki, iliyoziba iko kimya. Ni spea ya bei ndogo na nashangaa mafundi wengi hata hawaigusi.

Oili ya 1NZ ni 5W-30, hizo namba ni za uzito wa oili. Najua utaambiwa gari ya zamani weka 20W-50 nzito ndo itatulia, na kweli itatulia kelele, lakini hii injini ina VVT-i, mfumo unaotumia presha ya oili kubadilisha muda wa valvu kufunguka, kuna vitundu vyembamba na kichujio kidogo kwenye njia ya oili kwenda kwenye ile valvu yake, oili nzito inachelewa kufika asubuhi na asubuhi ndo injini inasagika kuliko muda wote. Kama inakula sana panda mpaka 10W-40, mi ningeishia hapo. Nabadilisha kila kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia. Mwenye gari inayoshinda Dar asihesabu kilomita peke yake, mtu anatoka Mbezi kwenda Posta anakaa saa moja na nusu kwenye foleni, dashibodi imesogea kilomita ishirini na kitu ila injini imezunguka saa nzima na nusu.

Kingine hiki naona kila siku, injini inachukua lita 3.7 pamoja na filta, galoni ni ya lita 4, fundi anamimina yote ili usimwone mwizi. Ikizidi nayo ni shida, oili inapigwa povu huko chini na inatafuta pa kuvujia. Mwambie amimine tatu na nusu, awashe dakika moja, azime, asubiri kidogo, apime, ndo aongeze. Na akikwambia amimine dizeli kwanza "aoshe injini" kataa. Injini yenye tope la miaka ishirini ukiliamsha lote kwa mpigo linashuka kuziba kile kichungi cha pampu kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, unaondoka gereji injini safi, wiki ijayo umenoki. Tope linatolewa taratibu kwa oili nzuri iliyomwagwa mapema, hata kila 3,000 kwa mara tatu za mwanzo.

Haya, maji, na hapa nina kidonda changu. Mwaka ule nilipoichukua gari nilisafiri nayo mwezi wa saba kwenda Njombe. Hizi Toyota ndogo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa mbili tu, ya bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikichemsha. Asubuhi nimetoka Iringa, bluu ikazima fresh, nafika karibu na Mafinga, baridi kali, bluu ikawaka tena! Injini inatembea 80 kwa saa halafu inaniambia imepoa. Nikadhani sensa. Niliporudi Dar tukafungua, thamostati hakuna, kuna fundi wangu wa nyuma alishaitoa akarudisha kifuniko kitupu. Na mafuta nilikuwa nalalamika gari inakunywa kama Prado.

Utasikia sana hili, "nchi yetu ya joto hii kitu ya ulaya, toa." Thamostati kazi yake ni kufungia maji mpaka injini ifike joto lake la kazi, ya 1NZ inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado asubuhi inaendelea kumwaga petroli ya ziada, ile petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na unyevu unakaa kwenye oili badala ya kuchemka utoke, ndo unafungua kifuniko cha oili unakuta utelezi wa rangi ya maziwa. Kama maji ya rejeta hayapungui, huo utelezi pale kwenye kifuniko peke yake usikutishe. Ila kama maji yanapungua na kijiti chenyewe kina rangi ya maziwa, usiwashe gari, hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Nilinunua thamostati mpya, haikufika hata bei ya kujaza tenki, na bluu haijawahi kurudi.

Mara nyingi ilitolewa kwa sababu gari ilikuwa inachemsha, kwa hiyo ukiirudisha ule ugonjwa wa mwanzo utarudi nao, utafute. Ikipanda joto kwenye foleni na kushuka ukitembea, ni feni: fyuzi, relei au mota yenyewe. Ikipanda ukiwa unakimbia au mlimani, rejeta imeziba au maji hayazunguki. Maji yakipungua bila kuona tone chini, angalia pampu ya maji chini ya shafti yake, kama kuna alama ya pinki iliyokauka inavuja ikiwa ya moto tu. Na kile kifuniko cha rejeta ni spea kama spea nyingine, kinashikilia presha ili maji yasichemke mapema, mpira wake ukipasuka badilisha. Usikifungue injini ikiwa ya moto, tafadhali.

Weka kulanti, ile dawa maalumu ya rejeta, sio maji. Maji ya kisima ya Dar mengi ni ya chumvi, na hedi ya hii injini ni ya alumini, chumvi itaila. Kama umekwama njiani weka maji ya chupa ufike, ukifika mwaga.

Plagi za kawaida toa kila kilomita 20,000 hivi, za iridiamu zinafika hata 100,000 kama sio feki, na feki ziko nyingi. Ukizitoa angalia vile visima vyake, ukikuta oili humo ni gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya valvu, badilisha kabla haijaua koili inayopeleka umeme kwenye plagi. Kichujio cha hewa kama unapita vumbi kipulize kila mwezi, upepo utoke ndani kwenda nje, na siku kikiwa cheusi usikipulize tena, tupa.

1NZ inatumia cheni kuendesha valvu, haina ratiba ya kubadilisha, ila ukiwasha asubuhi ikilia krrr sekunde kadhaa ndo inyamaze, oili yako imechelewa kubadilishwa au kisukuma cheni kimechoka. Mwenye Noah ya 3S, hiyo ni injini ya mkanda badala ya cheni, mkanda unabadilishwa kila kilomita 100,000, na kama huna ushahidi wa lini ulibadilishwa badilisha sasa hivi, na pampu ya maji weka mpya hapohapo kwa sababu mkanda huohuo ndo unaizungusha na gharama kubwa ni kufungua.

Na ukipeleka gereji omba urudishiwe spea ya zamani mkononi, hata kama ni takataka. Thamostati yangu ingenirudia hivyo ningeokoa petroli ya miezi mingi.