Kuweka picha za Nairobi kwenye ramani ya Flickr bila kuzipeleka Samburu

Jumapili mpwa wangu alikuja na kadi imejaa picha za Jeevanjee Gardens, bustani ya hapa Nairobi, anataka zionekane kwenye ramani ya Flickr, ile tovuti ya kuweka picha. Ramani hiyo ilianza Agosti 2006, miaka miwili baada ya tovuti yenyewe, na siku ya kwanza tu watu walibandika picha zaidi ya milioni 1. Yeye kamera yake haina GPS, kwa hiyo tulifanya kwa mkono.

1. Fungua akaunti. Ya bure mwisho wake ni picha 1,000, basi chuja kwanza.

2. Kwenye mipangilio ya faragha, ruhusu Flickr isome mahali palipoandikwa ndani ya faili la picha (maandishi hayo hayaonekani kwenye picha yenyewe). Fanya hivyo kabla ya kupakia.

3. Andika mahali ndani ya picha. Mimi natumia ExifTool kwenye kompyuta. Ni ya bure, haina vitufe, unaiandikia amri tu. Programu za simu nilizojaribu zilinipunguzia ukubwa wa picha, sizirudii.

Hapa ndipo nilipowahi kukesha. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na Google Maps hukupa Jeevanjee kama -1.28, 36.82. Nikanakili na alama yake ya kutoa, nikaandika, nikapakia picha mia mbili na kitu. Zote zikatua upande wa Maralal, huko Samburu, kaskazini mwa ikweta! Nikalaumu intaneti, nikazifuta, nikapakia tena, bando likaisha, na picha bado ziko Samburu. Kumbe ndani ya picha namba huhifadhiwa bila alama. Kusini na kaskazini huandikwa pembeni kwa herufi. Ile alama ilikuwa inamezwa kimyakimya. Amri kamili ni hii:

exiftool -GPSLatitude=1.28 -GPSLatitudeRef=S -GPSLongitude=36.82 -GPSLongitudeRef=E picha.jpg

Hiyo S (kusini) usiisahau, na E (mashariki) pia iandike. Wa Kisumu na Mombasa hali ni hiyohiyo. Wa Eldoret, aliye kaskazini mwa ikweta, ataweka N. Jaribu picha moja kwanza, uitazame kwenye ramani, ndipo uendelee na nyingine. ExifTool hubakiza nakala ya picha ya awali, usiifute mapema.

4. Pakia.

5. Picha za nyumbani: chora duara la faragha kuzunguka mtaa wako, uchague ni nani aone mahali. Mpwa wangu alichora lake hadi kituo cha matatu.