Semina ya afya ya akili shuleni, mwite na mlinzi wa geti

Jamani walimu wenzangu, ukiandaa semina hii usiite walimu peke yao. Ita mlinzi, mpishi wa uji, dada wa usafi, dereva na matroni wa skuli basi, maana mtoto anayejifungia chooni akalia anayemsikia ni dada wa usafi, na yule anayekataa kushuka kwenye gari kila asubuhi matroni anamjua siku nyingi ila hamna aliyewahi kumuuliza.

Weka masaa mawili siku ya kazi watoto wakishaondoka. Jumamosi muacheni mtu apumzike, kuna wenye darasa la watoto mia na bado wanagombania daladala za Gongo la Mboto, na wenyewe wamechoka.

Anza na mabadiliko. Sio mtoto mpole au mtundu, ni yule aliyebadilika: alikuwa muongeaji kanyamaza, yuko la tatu kaanza kujikojolea, tumbo linamuuma kila Jumatatu, analala darasani, anapiga wenzake. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14, yani ni hawa hawa tunaowafundisha. Na waambie wazi kazi yao sio kumpa mtoto jina la ugonjwa, hiyo ya daktari.

Sasa muda mwingi upeleke kwenye kuigiza, hotuba watasahau. Wakae wawili wawili, mmoja awe mtoto. Mwanzo utasikia "we una nini, mbona unalialia?" Wasimamishe, warudie: "naona leo hujaenda kucheza na wenzio, nikae na wewe kidogo?" halafu anyamaze kweli, asihubiri, asiseme "mbona wenzako wana shida kuliko wewe". Kwetu kuna mwalimu mtu mzima aliigiza mtoto akafuta machozi, akasema hajawahi kuulizwa hivyo.

Wasiahidi siri. Waseme "nitamwambia mtu wa kutusaidia tu". Akitaja kupigwa au kuchezewa mwili, andika maneno yake kama alivyoyasema, usimhoji mara tano, mpelekee mwalimu wa ushauri nasaha na mkuu siku hiyo hiyo, halafu ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Anayeshukiwa akiwa wa nyumbani usikimbilie kupiga simu nyumbani, naomba sana. Namba 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure, ibandikeni ofisini na jikoni. Akisema anataka kufa asiachwe peke yake hata dakika, apelekwe hospitali siku hiyo, kwa hapa Dar ni Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, iliyo karibu.

Na fimbo tuiongelee humo humo. Aliyechapwa jana kwa kulala darasani leo hawezi kukwambia kwanini usiku halali.

Kila mwisho wa mwezi kaeni dakika ishirini, kila mtu ataje mtoto mmoja anayemuwazia, mlinzi aanze.